Ukoo mzima unakutana St. Louis: watu 43, vizazi vinne, Bibi ana miaka 81. Naombeni uzoefu

#1 MjukuuWaBweni
Wakuu, heshima zenu.

Nimetwishwa mzigo. Mwezi uliopita kwenye simu ya ukoo, mama mkubwa wa Indianapolis alisema Bibi amechoka kuonana na vitukuu vyake kwenye kioo cha simu. Watu wakaitikia: kweli kabisa, ni aibu, tufanye kitu. Kabla sijazima maiki yangu nikasikia, "Basi tukutane kwa huyu wa St. Louis, yeye ndiye yuko katikati." Huyu wa St. Louis ni mimi.

Na kweli niko katikati. Kutoka Indianapolis kuja hapa ni mwendo wa saa nne kwa gari, Kansas City vilevile, Chicago saa tano. Wa Houston na Toronto watapanda ndege. Hesabu ya kwanza imetoka watu 43. Mkubwa ni Bibi, goti la kulia limekwisha kazi, ndani anatembea na bakora, nje ni kiti cha magurudumu. Mdogo kuliko wote ana miezi mitano. Hapo kati kuna vijana tisa wa miaka 13 hadi 19 ambao Kiswahili chao kinaanzia kwenye "shikamoo" na kuishia kwenye "chapati".

Asili yetu ni Bweni, ng'ambo ya mji wa Pangani. Bibi amekua akivuka mto kwa kivuko kwenda sokoni. Ameomba kitu kimoja tu: "Mnipeleke nikauone huo mto wenu." Yaani Mississippi. Mengine anasema tuamue wenyewe.

Tarehe ni mwanzoni mwa Agosti, Ijumaa hadi Jumatatu, maana shule zetu nyingi zinafunguliwa katikati ya mwezi. Bajeti haijulikani. Kamati ni mimi na binamu wa Kansas City ambaye mpaka sasa mchango wake ni vikatuni vya WhatsApp.

Aliyewahi kubeba jambo kama hili anipe mwanga. Nianzie wapi?

#2 KigodaChangu
Nimekaa mbele kabisa. Uzi wa ukoo ukiisha bila ugomvi wa pesa, njooni mnidai soda.

#3 MamaWaColumbus
Mdogo wangu, anza na pesa kabla ya mto.

Sisi tulikutana hapa Columbus mwaka juzi, watu thelathini na kitu. Nikaendesha kama kamati ya harusi ya nyumbani: kadi, ahadi, mwenyekiti, mweka hazina. Ahadi zikafika dola 6,000. Taslimu zikaingia 2,100. Tofauti yake niliilipa kwa kadi yangu ya benki na riba nikaila peke yangu hadi Krismasi. Harusini mtu anatoa kwa sababu ataonekana ukumbini. Mkutano wa ukoo kila mtu anajua ataonekana tu, alipe asilipe, kwa hiyo anajisahau.

Kiwango kiwe kimoja kwa kila mtu mzima mwenye kazi, kilipwe mara mbili, na tarehe ya pili iwe kabla hujatia saini mkataba wowote. Wanafunzi nusu. Wazee na watoto bure. Anayepokea pesa asiwe ndiye anayezitumia. Na nakuomba sana, usianike kwenye grupu majina ya wasiolipa. Ukianika, shangazi mmoja atajitoa, na shangazi akijitoa anaondoka na watu saba.

#4 KigodaChangu
Soda yangu imeanza kunukia.

#5 MjukuuWaBweni
Dada nimekuelewa, nakuandika kwenye daftari. Swali la pili: hoteli au nyumba kubwa ya kupanga? Vijana wanataka nyumba, wanasema tutakuwa pamoja.

#6 TajiriWaMadeni
Mkuu nyumba ilituumbua. Tangazo lilisema inalaza watu 18. Ikawalaza kweli, ila vyumba vyote vilikuwa juu, ngazi kumi na nne kabla ya choo cha kwanza. Mama mzazi alilala kwenye kochi la sebuleni siku tatu, na sebule ndiyo watu wanapiga karata hadi saa nane usiku. Hakulalamika hata mara moja, na hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Hoteli ina lifti. Lifti ndiyo kila kitu.

#7 MamaWaColumbus
Naunga mkono hoteli. Ukihitaji vyumba kumi na kuendelea wengi wanakushikia kwa bei ya kundi. Ila soma mkataba. Kuna tarehe ambayo vyumba visivyolipiwa vinarudi sokoni, hiyo itangaze kwenye grupu kila wiki kama adhana. Na kuna mikataba inayosema msipojaza sehemu fulani ya vyumba mlivyoomba, aliyetia saini analipa pengo. Aliyetia saini ni wewe. Omba vichache kuliko mnavyohitaji, mtaongeza.

Uliza pia kama wana chumba cha chini au ukumbi mdogo mnaoweza kukaa jioni. Ukoo haukai kwenye korido.

#8 KaptenMstaafu
Nimeishi St. Louis miaka kumi na moja. Niseme jambo ambalo wageni wote wanakosea.

Kila mtu akifika anataka kupanda lile Tao kubwa, Gateway Arch. Urefu wake mita 192, lilikamilika 1965, kuna vigari vidogo ndani vinavyopanda hadi kileleni kwa dakika nne. Vijana wapelekeni, watafurahi. Bibi asithubutu. Kile kigari kinachukua watu watano magoti kwa magoti, mlango wake unaingia umeinama kama unaingia kibanda cha kuku, na kwenda kileleni kunataka uweze ngazi zipatazo 96. Kiti cha magurudumu hakifiki juu. Mimi nilimpeleka mama mkwe wangu kabla sijasoma hayo. Tulifika mlango wa kigari, akakitazama, akanitazama mimi, akasema, "Baba, mimi nimekukosea nini?" Tukarudi.

Ila chini ya Tao kuna makumbusho mazuri, ni bure, kiti kinapita kila mahali, na kiyoyozi kinafanya kazi. Wengine wapande, yeye awe hapo na wawili watatu.

Na hiyo Agosti yenu ijueni. Joto la hapa lina unyevu, ni kama Tanga mwezi wa pili bila upepo wa bahari. Kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi msimweke mzee nje.

#9 KijanaWaMjini
Samahani wakuu lakini St. Louis kuna nini? Watu 43 wanachanga pesa halafu wanaenda kuangalia mto wa tope? Si mwende Orlando mara moja watoto wafurahi. Mzee abaki na mtu nyumbani, atapelekewa video.

#10 TajiriWaMadeni
Video ndiyo iliyoleta mkutano huu, soma bandiko la kwanza.

#11 MamaWaColumbus
Kijana, piga hesabu ya tiketi za watu 43 Orlando kwa siku moja tu, halafu urudi hapa tukupe kiti.

#12 KaptenMstaafu
Na mji huu kwa familia kubwa una siri moja, mambo mengi hayana kiingilio. Mwaka 1971 wakazi walikubali kukatwa kodi ya kuendesha makumbusho na bustani ya wanyama, ndiyo maana Zoo, makumbusho ya sanaa na ya historia zote ni bure kuingia, zote ndani ya Forest Park. Utalipia maegesho na vitu vidogo kama gari moshi la watoto pale Zoo. Hiyo Forest Park ni ekari kama 1,300, kubwa kuliko Central Park ya New York, ndipo yalipofanyika Maonyesho ya Dunia ya 1904. Ina mabanda ya kukodi kwa kibali. Chukueni banda lenye paa na choo karibu. Msiangalie mandhari, angalieni choo.

#13 MwanaBukavu
Ndugu, karibu jirani. Mimi niko kusini mwa St. Louis, nilifika kutoka kambini, sisi Wakongomani tuko wengi hapa.

Habari ya nyama nikusaidie. Kama mnakula halali, nenda upande wa Bevo Mill. Ule mtaa ni wa Wabosnia, walikuja miaka ya tisini wakikimbia vita vyao, ni Waislamu wengi, wana bucha zao na mikate yao. Mwambie mwenye bucha mapema unataka mbuzi wangapi na akatekate namna gani. Usimwambie "vipande vidogo" tu, chora kwenye karatasi. Mimi mara ya kwanza alinipa vipande kama vya kumlishia simba.

Na mkate wao wa duara, somun, wapelekee wazee na chai. Watauliza nani ameoka.

#14 MjukuuWaBweni
MwanaBukavu umenitoa mbali! Miaka sita hapa nilikuwa naendesha hadi nje ya mji kutafuta mbuzi, kumbe pale pale Gravois.

Mama mkubwa ameshatangaza atakuja na sufuria lake la pilau kutoka Indianapolis. Lile ambalo mtoto wa darasa la pili anaweza kuoga ndani yake. Nimemwambia St. Louis kuna masufuria, ameniuliza kama yananijua.

#15 AliyeolewaMemphis
Habari zenu. Mimi mume wangu ni Mmarekani mweusi wa Memphis, na niseme tu, hawa wenzetu ndio mabingwa wa jambo hili, kaeni chini yao mjifunze.

Kwao mkutano wa ukoo ni taasisi. Baada ya utumwa kwisha watu walikuwa wanaweka matangazo magazetini wakitafuta mama aliyeuzwa, kaka aliyepelekwa jimbo jingine. Halafu vizazi vya baadaye wakahamia kaskazini kutafuta kazi, Chicago, Detroit, St. Louis, wakatawanyika tena. Kwa hiyo kukutana hawafanyi mchezo. Ukoo wa mume wangu hukutana kila baada ya miaka miwili, mji unazunguka kwa zamu, na kabla hamjaachana Jumapili mwenyeji anayefuata anasimama anatajwa mbele ya watu. Ijumaa usiku ni kambare wa kukaanga, hakuna ratiba, watu wanafika na vumbi la njiani wanakula. Jumamosi bustanini. Na lazima fulana za rangi moja zenye jina la ukoo mgongoni.

Mwaka wa kwanza niliona fulana ni ushamba. Mwaka wa pili mtoto wangu wa miaka minne alipotea kwenye umati, akarudishwa na mtu asiyemjua kabisa, kwa sababu alisoma mgongo wake.

#16 ShangaziToronto
Fulana kwa watu wa Pangani? Kanga zipo kazi gani?

#17 MjukuuWaBweni
Shangazi (sijui kama ni shangazi yangu kweli, maana wa Toronto ninaye), wazo limekubaliwa kabla sijamaliza kulisoma. Nimeuliza bei ya kuchapisha kanga zenye maneno yetu wenyewe, wanataka oda kubwa. Tutanunua doti 14 za dukani zenye jina moja, doti igawanywe wawili, wanawake na mabinti wote wamepata. Wanaume fulana za rangi inayofanana. Jina limepigiwa kura: MAJI HUFUATA MKONDO. Lililoshindwa lilikuwa la kumsema mke wa mjomba, tumelizika.

#18 ShangaziToronto
Ni mimi kweli, baba. Na mke wa mjomba anasoma humu.

#19 KigodaChangu
😂😂😂 Jamvi limenoga. Leteni kahawa.

#20 MpandaBaiskeli
Mleta mada, naona mnazungumzia mto lakini hakuna aliyejibu alichoomba Bibi.

Mtampeleka pale mbele ya Tao, najua. Pale ukingo ni mteremko wa mawe yaliyopangwa tangu enzi za meli za mvuke. Kiti cha magurudumu kwenye yale mawe kitamvunja mgongo. Atauona mto kwa mbali, atapigwa picha, basi.

Mtu aliyekulia kwenye kivuko mpelekeni kwenye kivuko.

Sikilizeni njia. Toka mjini kwenda kaskazini hadi Alton upande wa Illinois, kama nusu saa hivi na ushee. Hapo watoto wasimame kwenye sanamu ya Robert Wadlow, binadamu mrefu kuliko wote waliowahi kupimwa, sentimita 272, alikuwa mtoto wa mji huo. Kutoka Alton hadi Grafton barabara inafuata maji, kulia majabali ya chokaa, kushoto Mississippi wenyewe, Bibi akae kiti cha mbele asihangaike kushuka. Mkipita Grafton kuna kivuko cha Brussels, kinavuka mto Illinois karibu na unapoingia Mississippi. Ni cha serikali ya jimbo na ni BURE. Gari linaingia, mzee haondoki kwenye kiti chake.

Ng'ambo ni wilaya ya Calhoun, kijiji kitupu, kiko katikati ya mito miwili, na Agosti ni msimu wa mapichesi. Vibanda viko kando ya barabara.

#21 MwalimuMkali
Sahihisho. Kivuko cha Brussels kiko mto Illinois, si Mississippi. Bibi ameomba Mississippi.

#22 MpandaBaiskeli
Mwalimu shikamoo. Ndiyo maana hamrudi njia ile ile. Mkishavuka Brussels endesheni kukata ile rasi, upande wa pili kuna kivuko kingine, Golden Eagle, hicho kinavuka Mississippi halisi kuingia Missouri. Hicho cha kulipia. Kwa hiyo mito miwili, vivuko viwili, mnatokea upande wa St. Charles mnarudi mjini. Pigeni simu kivukoni kabla, mto ukijaa vivuko vinasimama.

#23 MjukuuWaBweni
Nimesoma bandiko hili mara tatu. Nimempigia mama mkubwa. Amenyamaza, halafu akasema usimwambie Bibi.

#24 MamaWaColumbus
Pesa zimefika wapi? Umekimbilia kwenye mapichesi.

#25 MjukuuWaBweni
Duh. Tumepanga dola 180 mtu mzima. Awamu ya kwanza imeingia robo tatu. Watu wamepanda kutoka 43 hadi 51, kwa sababu kila aliyelipa anajiona ana haki ya kuleta mtu. Mjomba wa Muscat tarehe yake ya mahojiano ya visa imetoka ya mbali, hatakuwepo, lakini katuma mchango wa watu watatu. Walio umbali wa saa nne ndio wanasema "mwisho wa mwezi".

#26 ShangaziToronto
Ratiba isiwe ya jeshi, nakuomba. Nilikwenda mkutano mmoja tulipewa karatasi yenye dakika. Saa tatu na robo "kujitambulisha". Watu walikuwa wanakimbizana na basi, hakuna aliyezungumza na mwenzake.

Na wale vijana tisa msiwaache na simu zao. Wapelekeni City Museum siku moja asubuhi. Si makumbusho ya vioo, ni lile jengo la zamani la kampuni ya viatu walilolijaza mapango, mabomba ya kuteleza, basi la shule linaloning'inia kwenye ukingo wa paa. Kuna bomba la kuteleza la ghorofa kumi. Wazazi wavae suruali ngumu za magotini.

#27 AliyeolewaMemphis
Kuhusu Kiswahili cha hao vijana: msiwasimamishe mbele wajitambulishe kwa Kiswahili. Nimeona watoto wakilia. Mpeni kila mmoja kazi inayomfanya akae karibu na mzee. Wa kwetu walipewa kurekodi sauti.

#28 MjukuuWaBweni
MREJESHO

Wakuu nimelala siku mbili, sasa nimeamka. Uzi huu ndio uliotufikisha, kwa hiyo nawapa chote, na aibu zake.

Tulifika 49. Hoteli iliyokuwa na lifti mbili, moja ilikuwa mbovu siku zote nne. Sitawataja. Chai ya asubuhi ikawa foleni ya lifti kama ya daladala za Mbagala, lakini mnajua, watu waliozungumza pale kwenye foleni hawakuwa wamezungumza tangu msiba wa babu.

Ijumaa tulifuata Memphis, kambare wa kukaanga na hakuna ratiba. Bibi alimgeuza geuza kambare kwenye sahani akasema, "Huyu namjua." Akala wawili.

Jumamosi ndiyo nilikosea. Nilipanga asubuhi kila mtu Zoo, Bibi naye tumsukume. Saa nne na nusu jua limeshawaka, kiti kimekwama kwenye kilima, vitukuu wanataka tembo, vijana wanataka kukaa, mtoto wa miezi mitano analia. Kwa muda wa saa nzima tulikuwa watu 49 tunaomngoja mtu wa 50. Nikamtazama Bibi, anatabasamu lile tabasamu la kutotaka kumsumbua mtu, nikamkumbuka TajiriWaMadeni na kochi lake. Tukavunja msafara. Bibi akapelekwa bandani, akatandikiwa mkeka chini ya paa, feni ya betri pembeni, deli la maji, mama mkubwa na sufuria lake upande wa pili. Wengine wote wakaambiwa nendeni mnakotaka, mkichoka rudini hapa.

Na hapo ndipo mkutano ulipoanza. Watu walikuwa wanarudi watatu watatu. Mtu anatoka kuangalia tembo, anakaa dakika kumi kwa Bibi, anaondoka anakwenda makumbusho, anarudi. Hakusogea kutoka saa tano hadi saa kumi na moja, na nadhani hakuna mtu hata mmoja ambaye hakukaa naye peke yake. Ningejua, ningeacha kupanga mengine yote.

Vijana niliwapa kazi ya kurekodi. Maswali yao yaliisha kwa dakika tano, wakakwama. Binti wa Houston, miaka 15, akauliza kwa Kiingereza walikuwa wanacheza nini utotoni, mama yake akatafsiri. Bibi hakujibu. Akawaambia waokote kokoto. Wakaleta mkononi, akachagua kama anachambua mchele, akachora duara kwa kidole kwenye udongo pembeni ya mkeka, akarusha moja juu na kuzivuta nyingine kabla haijatua. Mdako! Mikono ile ambayo asubuhi ilishindwa kufungua chupa ya maji. Wale tisa wote wakajaa chini. Kufikia alasiri walikuwa wanagombana kwa Kiswahili cha mdako: "umegusa", "hujagusa", "rudia". Hakuna aliyewafundisha, walisikia tu.

Pilau lilichelewa saa mbili kwa sababu mimi nilinunua mkaa wa kubanika wenye dawa ya kuwakia, na mama mkubwa akakataa katakata chakula kinuke mafuta ya taa. Binamu wa Kansas City akaenda kutafuta mwingine. Nafuta niliyoyasema juu yake.

Jumapili vivuko. Magari kumi na moja. Kwenye ile barabara ya Grafton Bibi alikaa mbele, kioo kimeshushwa, kanga kichwani inapepea, hakusema neno kwa maili kumi. Tulipofika Brussels, magari yakasimama foleni, akaona lile tishari lenye boti ubavuni linakuja, mlango wa chuma ukashushwa ukagonga ardhi. Akauliza nauli kiasi gani. Nikamwambia bure. Akasema usinifanye mtoto. Nikamwambia kweli Bibi, serikali imelipa. Akafungua pochi akatoa dola tano akazishika mkononi safari nzima, ili isije ikatokea aibu. Injini ilipoguruma na gari likatikisika kidogo, akashika dashibodi, akafumba macho. Dakika chache tu, tukawa ng'ambo. Akafumbua akasema, "Haya, twende sokoni."

Tukampeleka kwenye mapichesi. Alinunua kwa zile dola tano. Alisema yameyazidi utamu yale ya Lushoto, na kutoka kwake hiyo ni kashfa kubwa.

Golden Eagle nako tulivuka. Mwalimu, Mississippi halisi, picha zipo. Pale alitaka kujua unatoka wapi na unaishia wapi, nikamwambia unatoka Minnesota unaishia Ghuba ya Mexico. Akauliza kama kuna mamba. Nikasema huku juu hakuna. Akasema basi huu wa kwenu mpole.

Jumatatu asubuhi watu wanafunga mizigo, ving'ora vya kimbunga vikalia mji mzima. Watu wa Houston walikuwa wameshafika ngazi za chini na watoto begani. Mimi mwenyeji nilisahau kuwaambia kwamba hapa ving'ora vinajaribiwa Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa tano asubuhi. Mke wa mjomba hajanisamehe, na hiyo ni juu ya lile jina la kanga.

Pesa: zilibaki dola 212, zimewekwa. Mama wa Columbus, sikuanika jina hata moja.

#29 KigodaChangu
Yaani hakuna ugomvi wa pesa kabisa? Haya, soda yenu ipo.

#30 MwanaBukavu
Ndugu, na mbuzi?

#31 MjukuuWaBweni
Watatu, wote wamekatwa sawasawa. Nilichora. Yule mwenye bucha ameibandika karatasi yangu ukutani, anasema mchoro ule ni wa mbwa.

#32 TajiriWaMadeni
Asante kwa kunikumbuka pale kwenye kiti. Mama nimemsomea.

#33 MwalimuMkali
Picha nimeziona. Sina sahihisho.

#34 ShangaziToronto
Baba, mama yako mkubwa amenipigia mara nne leo. Sufuria liko wapi? Indianapolis halikufika. Anasema kuna mtu humu anajua.

#35 MjukuuWaBweni
Shangazi, mimi nililiosha nikalikabidhi kwa mikono yangu Jumamosi usiku. Magari yote nimeuliza.

#36 MjukuuWaBweni
Limepatikana. Liko Kansas City, kwenye buti la binamu, tangu ule usiku wa Jumamosi. Alidhani ni la hoteli. Mama mkubwa kasema asilirudishe, aliweke ndani lisipate kutu, maana mwakani ni zamu yao.